Kibofu Kilichojaa Vizuri

Kwa miaka kumi na tisa, kila mwaka kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai, Verna Pardy hakunywa hata funda moja la maji kabla ya saa sita mchana. Kiu alikuwa nayo kama binadamu mwingine yeyote. Lakini katika kiwanda cha kaa cha Sculpin Arm, kwenye pwani ya Newfoundland, kengele ya mapumziko ililia mara mbili tu kwa shifti, na aliyetaka kwenda chooni ilimbidi avue glavu, mikono ya plastiki, aproni na koti jeupe, kisha akirudi anawe mpaka viwikoni, akanyage beseni la dawa kwa buti zake na kuvaa vyote upya. Ukimaliza hayo yote, mapumziko yamekwisha na chai yako imepoa mezani bila kuguswa. Basi wanawake wa laini ya kusafishia kaa walikuwa wakijikausha tangu nyumbani.

Hilo lingekuwa balaa la kutosha, lakini wao wakaligeuza kuwa sifa. Aliyeweza kujibana alionekana mtu wa maana, na aliyeinua mkono kuomba ruhusa kabla ya kengele alichekwa mpaka kiangazi kiishe. Kuna mmoja, Glenda, aliyewahi kuomba ruhusa mara tatu kwa asubuhi moja, mwaka ambao hata hakuna anayeukumbuka sawasawa, na mpaka leo anaitwa Bomba. Verna ndiye aliyekuwa bingwa wao. Hakuwahi kuinua mkono hata siku moja. Loyola, msimamizi wa laini, mwanamume aliyekwenda kukojoa wakati wowote alipojisikia, alipenda kumtolea mfano kwa wasichana wapya.

"Muoneni Verna," angesema. "Huyu hajui hata choo kiko mlango gani."

Na Verna, ni aibu kusema, alikuwa akivimba kichwa.

Maumivu yalianza wakati wa theluji, akiwa na miaka arobaini na miwili. Yalikaa chini ya kitovu, upande wa kushoto, mara yakimkamua kama tambara la kupigia deki, mara yakitulia na kumwachia uzito tu. Suruali zikakataa kufungwa. Akawa anashikiza kifungo kwa mpira wa nywele. Kibaya zaidi kwake, alianza kubanwa na mkojo ovyo. Haikupita saa bila kutaka kwenda, na akienda yanatoka matone. Msimu ulipoanza akawa anavaa pedi mbili, moja juu ya nyingine, anasimama kwenye laini saa nane nzima akivunja miguu ya kaa, akinuka kaa na akinuka mkojo wake mwenyewe, akiomba harufu ya kwanza ifunike ya pili. Alijionea kinyaa. Jioni alijisugua bafuni mpaka ngozi ikawa nyekundu, na akitoka bado anajinusa mabegani.

Aliyesimama kulia kwake kwenye laini ni Philomena Walsh, mjane wa miaka sitini, mdomo wake haukujua kufungwa.

"Shoga, unanenepa tumbo peke yake," Philomena alimwambia siku moja juu ya kelele za mashine. "Ni mimba au ni bia?"

"Ni uzee."

"Uzee wapi! Uzee unashuka matakoni, hauji mbele namna hiyo. Nenda kwa daktari."

Akaenda. Dokta Hounsell wa zahanati alimbonyeza mara mbili kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu mlango uliopakwa rangi mbichi, akamwandikia kipimo cha ultrasaundi kwenye hospitali kubwa, mwendo wa saa tatu kwa gari. Barua ya hospitali ilikuwa na maneno ya wino mzito: anywe bilauri nne za maji saa moja kabla ya kipimo, na asikojoe. Atakayefika na kibofu kitupu atarudishwa nyumbani.

"Ukirudishwa, nafasi nyingine ni Oktoba," nesi wa zahanati alimwambia. "Kwa hiyo jibane, mpenzi."

Verna akacheka. Kumwambia yeye ajibane!

Philomena ndiye aliyemwendesha, siku moja ya Mei ambayo mashua hazikuleta kaa na kiwanda kilikuwa kimefungwa. Kwenye kituo cha mafuta Verna alinywa bilauri zake nne, moja baada ya nyingine, huku akijisikia kutapika. Kipimo kilikuwa saa nne asubuhi. Saa nne ikafika, ikapita. Saa nne na nusu. Ukutani palikuwa na televisheni na mtu anakaanga mafuta ya nguruwe. Mzee mmoja aliyekaa mbele yake alikuwa akikohoa makohozi ndani ya kikombe cha kahawa, anafunika, anafunua, anachungulia, anafunika tena. Verna aliubana mguu juu ya mguu mpaka jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Kile kitu cha kushoto kilikandamiza, maji yakakandamiza, na ilipofika saa tano kasorobo aliinuka akakimbilia choo cha korido.

Kiti cha choo kilikuwa kimelowa mkojo wa mtu mwingine. Alichuchumaa juu yake bila kugusa, mapaja yakitetemeka, akakojoa bilauri zote nne mpaka tone la mwisho, na machozi yakamtoka kwa nafuu aliyoipata. Miaka kumi na tisa ya kujibana ikaishia pale. Alikuwa bado anakausha mikono aliposikia jina lake likiitwa.

Msichana wa kupiga picha aliitwa Krista. Alikuwa na viatu vya rangi ya waridi na sauti ya kuimbia watoto.

"Umekunywa maji yako, mpenzi?"

"Nimekunywa."

"Na kibofu kimejaa?"

Verna alifikiria Oktoba. Ukweli usemwe, alimfikiria na Glenda pia, na jina lake la Bomba.

"Kimejaa," akasema.

Akapewa gauni lenye doa la kahawia pindoni, doa lililofuliwa mara nyingi likakataa kutoka, akalala kwenye karatasi inayonatanata. Krista akammiminia jeli tumboni, nzito na ya uvuguvugu kama kamasi, akaanza kukandamiza kile kifaa chake. Huku anaendelea kusimulia harusi ya binamu yake: keki iliyeyuka, mama mkwe akalewa. Verna aliuma meno na kutazama dari, ambako nzi wawili walikuwa wamekufa ndani ya taa.

"Uuu, kibofu kizuri hiki!" Krista alisema akitazama kioo chake. "Kimejaa vizuri kabisa. Laiti wote wangekuja hivi."

Verna alishtuka, kisha akashusha pumzi. Labda kuna maji yalibaki. Hakutaka kulichimba jambo lililomwokoa.

Krista alipomaliza juu, alitoa kijiti kirefu cheupe, akakivisha kondomu mbele ya macho ya Verna na kukipaka ile ile jeli.

"Sasa ukakojoe, halafu tutaangalia kwa ndani. Huko kunaonekana zaidi."

"Ndani wapi?"

"Ndani, mpenzi. Huko huko."

Chumba kizima kilimtia Verna kichefuchefu: kondomu ile inayong'aa, doa la gauni, keki ya binamu. Tena aende kukojoa nini? Yule msichana angesimama mlangoni asisikie kitu.

"Hicho hakiingii popote," Verna alisema, akaketi na kuanza kujipangusa.

"Ni hiari yako," alisema Krista, akaandika.

Majibu yalifika kwa Dokta Hounsell baada ya wiki mbili. Aliyasoma huku anakula biskuti, na makombo yakawa yanadondoka juu ya karatasi yenye jina la Verna.

"Kibofu kimejaa vizuri. Mfuko wa uzazi, kawaida. Ovari ya kulia, kawaida. Ya kushoto haikuonekana vizuri, gesi ya tumbo. Hakuna uvimbe." Alipangusa mdomo. "Ni umri huu, Bi. Pardy. Mwili unageuka. Punguza maziwa."

"Lakini inauma, Dokta. Kuna siku siwezi kunyooka."

"Naamini kwamba unahisi hivyo," alisema Dokta Hounsell kwa upole, akachukua biskuti nyingine.

Verna aliutazama ule upole wake akatamani kuutemea mate. Angemwambia waziwazi kwamba ni mwongo, angesikia afadhali. Akatoka na karatasi yake, akakaa ndani ya gari, akaisoma mwenyewe. Kibofu kimejaa vizuri. Akairudia. Kilijaa nini? Alijua alichokifanya kwenye kile choo, na alijua kwa hakika, kwa sababu kama kuna kiungo kimoja ambacho mwanamke wa kiwanda cha kaa anakijua kuliko mpaka wa kijiji chake, ni kibofu. Angeweza kushuka, kurudi ndani na kusema. Lakini angesemaje? Kwamba alikojoa, kisha akadanganya? Mbele ya yule na makombo yake? Akaikunja karatasi mara nne na kuiingiza chini ya kiti.

Wiki nne alikaa na siri hiyo, na kila wiki tumbo lilizidi kuwa gumu. Nyumbani, mumewe Selby alipouliza, aliambiwa zile zile habari za maziwa. Wenzake wa kiwandani walishapata majibu ya kipimo chake kabla hajafika, kama ilivyo kawaida ya Sculpin Arm, na waliuona ni mzaha. Verna mzima kachukua siku ya kwenda kupigwa picha ya gesi! Loyola alikuwa akipita nyuma yake anatoa mlio kwa mdomo, na laini yote inakufa kwa kicheko, na yeye Verna anacheka nao huku moyoni anawachukia mmoja mmoja.

Mwishoni mwa Juni, saa tatu asubuhi, kitu kikageuka ndani yake. Hakikukamua kama zamani. Kilijisokota, kikavuta, na maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Verna alishika ukingo wa laini, akainama, akatapika ndani ya mfereji wa maganda. Matapishi yakaelea juu ya maji ya kaa yenye povu la kijivu, yakasafiri taratibu mbele ya wanawake kumi na wanne, na kila yalikopita mtu aliruka nyuma.

"Simamisha! Simamisha laini!" Loyola alipiga kelele. "Kila kitu kioshwe! Verna, mungu wangu, usingeweza kujibana?"

Philomena alimkamata kwapani bila kuomba ruhusa ya mtu, akamburura mpaka chooni na aproni zao zikidondosha maji. Akamkalisha sakafuni, akamshika paji la uso.

"Umekula nini?"

"Sijala. Phil, nataka kukwambia kitu. Ukicheka nakuua."

"Sema."

"Siku ile ya kipimo. Nilikojoa."

Philomena akaangua kicheko. Alijaribu kujizuia, akashindwa. "Wewe? Bingwa? Yesu na Maria, ngoja Bomba asikie!"

"Nilikojoa chote. Nikamdanganya yule msichana kwamba kimejaa. Akatazama kwenye mashine yake, akasema kimejaa vizuri."

Kicheko cha Philomena kilikatika.

"Chote?"

"Mpaka tone la mwisho."

"Sasa," Philomena aliuliza polepole, "aliona kibofu cha nani?"

Mlango ukagongwa. "Philomena! Watu wanakungoja! Kengele bado haijalia!"

"Loyola," Philomena alijibu, "nenda kajikojolee huko!"

Waliendesha zile saa tatu na buti zao za mpira miguuni, Verna amejikunja kiti cha nyuma na ndoo ya kaa mapajani. Hospitalini daktari wa dharura, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, aliifungua kompyuta yake akasema kipimo cha mwezi wa tano kilikuwa kizuri, pengine ni utumbo. Harufu yao ilimfanya asogeze kiti nyuma kidogo. Verna aliona, na aibu ikataka kumziba mdomo kama ilivyomziba wiki zote zile. Safari hii aliitema.

"Kile kipimo ni uongo," alisema. "Uongo ni wangu. Nipimeni tena."

Ilikuwa karibu saa saba alipopelekwa kwenye kile kile chumba, na aliyesimama pale ni yule yule Krista na viatu vyake vya waridi. Kabla ya kupanda kitandani Verna aliingia choo cha pembeni, akajikamua mpaka hakuna kitu, akarudi akalala kwenye karatasi. Jeli ikamwagwa. Kifaa kikagusa, na yeye akalia kwa sauti.

"Pole, mpenzi," alisema Krista. Akatazama kioo. "Ni kwa sababu tu kibofu kimejaa sana. Kimejaa vizuri, lakini safari hii kimezidi."

"Nimetoka kukojoa sasa hivi. Ulikuwa hapo."

"Wakati mwingine hayaishi yote."

"Lete beseni."

"Bi. Pardy, hakuna haja..."

"Lete beseni!"

Krista akaleta lile la karatasi ngumu wanalowapa wagonjwa. Verna alishuka kitandani, jeli ikimtiririka mapajani, akapanua miguu katikati ya chumba, gauni ameliinua mpaka kiunoni, akachuchumaa juu ya beseni mbele ya mtu ambaye hakumzaa wala hakumuoa. Hakuna jambo lililowahi kumtia kinyaa zaidi ya hilo maishani mwake. Alisukuma huku maumivu yakimpofusha macho. Yalitoka matone matatu, yakasikika moja moja. Aliliinua beseni akamkabidhi.

"Hayo ndiyo yaliyomo," alisema. Akapanda tena kitandani. "Sasa tazama."

Krista aliweka beseni chini, akakishika kifaa, akakigusisha palepale. Kwenye kioo kile kitu cheusi kilikuwa hapo hapo, kikubwa, cha duara, kimetulia. Hakikupungua hata kidogo. Krista alikisogeza kifaa kushoto, akakisogeza chini. Safari hii hakuwa na harusi ya kusimulia.

"Lete na kile cha kondomu," Verna alisema. "Maliza."

Kiliingia, na kilikuwa kama alivyokiogopa: baridi, kigeni, kinatafuta. Aligeuzia uso ukutani akahesabu vigae. Aliposikia kitufe kikibonywa mara nyingi mfululizo, alijua kitu kinapimwa.

"Sentimita kumi na sita," Krista alisema, na sauti ya kuimbia watoto ilikuwa imemtoka. "Ni uvimbe wa maji, ovari ya kushoto. Kibofu ni hiki hapa chini yake, kimebanwa, kimekuwa chapati."

Akafungua picha ya Mei akaiweka kando ya hii mpya. Weusi ule ule, umbo lile lile, dogo kidogo tu. Katikati yake, kwa herufi alizozichapa mwenyewe, paliandikwa KIBOFU.

Walilitazama neno hilo wote wawili.

"Ungeniambia tu, mpenzi," Krista alinong'ona. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Siku ile. Ungesema tu kwamba umekojoa."

Verna alikuwa amechoka, ananuka, jeli inamkauka katikati ya miguu. Uongo ulikuwa wake, hilo aliungama, na angeungama tena kwa yeyote aliyetaka kusikia. Lakini hakuwa na nafasi ya kumbembeleza mtu.

"Uliniuliza kama kimejaa," alisema. "Hukuniuliza kama inauma."

Krista alichukua simu ya ukutani akaita chumba cha upasuaji, na Verna akamsikia akisema ni upande wa kushoto, nadhani imejisokota, damu haipiti vizuri, hapana, haiwezi kungoja kesho. Alikuwa amempa mgongo, mkono mmoja umeshika kitambaa cha kupangusia alichosahau kumpa.

Verna alijipangusa kwa ukingo wa gauni lao. Kisha akahisi tena ule mbano, matone mengine mawili matatu yanataka kutoka. Alishuka kitandani akishika ukuta, akampita Krista na simu yake, akaenda chooni bila kuomba ruhusa.